Fataki Inatoka Wapi? Risasi za kushindiliwa kwa mkono, kutoka Gazi hadi Manza

Risasi moja ya bunduki ya kisasa ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba ya manjano, kuna baruti iliyo ndani ya ganda, kuna kichwa kinachoruka, na pale kitakoni kuna fataki, yaani kikombe kidogo cha metali laini chenye dawa inayoripuka ikigongwa. Fataki ndogo ina kipenyo cha milimita 4.45, na kubwa milimita 5.33. Pini ya bunduki hugonga kikombe, dawa hutoa mwali, mwali hupenya tundu na kuwasha baruti. Mengine hufuata hapo.

Katika sehemu hizo nne, mafundi wa vijijini wamewahi kuzimudu tatu. Kichwa cha madini ya risasi huyeyushwa juu ya moto wa kuni na kumiminwa kwenye kalibu. Baruti nyeusi ilipikwa kwa shura, makaa na salfa karne nyingi kabla ya viwanda. Ganda likishapigwa hubaki zima, na laweza kujazwa tena. Sehemu ya nne ndiyo iliyowashinda. Dawa ya fataki hutaka maabara, mizani na mikono iliyofunzwa, na wengi waliojaribu kuibahatisha walilipa kwa vidole au kwa macho. Kwa hiyo mtu anayeshindilia risasi nyumbani anaweza kujitosheleza kwa mambo mengi, lakini fataki hununua.

Marekani kuna watu wengi wanaofanya kazi hii kihalali, kwenye meza ya gereji au ya chumba cha nyuma, na hujadiliana kwa bidii kuhusu kifaa kipi ni bora kwa kupachikia fataki kwenye ganda. Kwa msomaji wa Diani au Msambweni mjadala huo uko mbali, na kwa sheria ya Kenya uko mbali zaidi. Hata hivyo pwani yetu ya kusini inalijua swali lililo chini yake kuliko wengi wanaojadili. Anayechagua namna ya kuiwasha bunduki yake anachagua pia atamtegemea nani. Ukiifuata historia ya bunduki kutoka Gazi mpaka Mwele, kisha ukavuka Vanga kuelekea Tanga, utaona kwamba mara nyingi jambo hilo ndilo lililoamua nani asimame na nani aondoke.

Tuanze na njia za zamani. Bunduki za mwanzo kufika pwani hii ziliwashwa kwa mrao, kamba iliyolowekwa shura inayofuka polepole bila kuwaka. Mpigaji alishika kamba yenye moto, akafyatua, na kamba ikashuka juu ya baruti kidogo iliyowekwa kwenye kisahani kando ya kasiba. Waomani waliendelea na bunduki za namna hiyo hata wakati Ulaya imeziacha zamani. Zilikuwa na kasoro zilizo wazi: mvua ilizima mrao, usiku nukta ya moto ilimfichua mpigaji, na upepo uliweza kupeleka cheche kwenye pembe ya baruti iliyo kiunoni. Lakini mrao ulisokotwa nyumbani. Mtu mwenye shura na uzi hakumhitaji mfanyabiashara yeyote ili apate moto wake.

Ikaja gumegume. Nyundo iliyobana jiwe gumu hupiga bamba la chuma, cheche huangukia kisahani, na baruti huwaka. Hapa utegemezi unaanza kuingia, kwa sababu jiwe lenyewe si letu. Ukanda wa chini wa Kwale, kutoka Likoni hadi Vanga, umekaa juu ya matumbawe ya kale, na tumbawe ni chokaa. Uligonge na chuma utakavyo, halitoi cheche ya kuwasha baruti. Mawe mazuri ya bunduki yalichongwa Brandon, katika jimbo la Suffolk nchini Uingereza, na mafundi wa huko waliendelea kuyachonga kwa soko la Afrika muda mrefu baada ya majeshi ya Ulaya kuyaacha. Hata hivyo utegemezi huu ulikuwa mwepesi. Jiwe moja lilipiga mara nyingi, likichakaa liligeuzwa au kuchongwa upya, na machache mfukoni yalitosha msimu mzima.

Mwaka 1807 kasisi wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza ya bunduki inayowashwa kwa dawa ya kugongwa. Alikuwa mpenda kuwinda ndege, na mwako wa kisahani uliwashtua ndege kabla risasi haijawafikia. Katika miaka michache wavumbuzi wengine waliiweka dawa hiyo ndani ya kikofia cha shaba kinachovalishwa juu ya ncha yenye tundu, na kufikia miaka ya 1840 jeshi la Uingereza lilikuwa linaitumia. Msomaji anayejua masika ya Kwale ataelewa mara moja ukubwa wa faida hii. Kisahani cha wazi hakipo tena, kwa hiyo unyevu wa bahari na mvua ya ghafla havina pa kuingilia kirahisi. Bunduki ikawa ya kuaminika mwaka mzima. Bei yake ikawa kwamba kila mlio mmoja umekula fataki moja, na fataki iliyopigwa haigeuzwi upande wa pili kama jiwe. Kopo likiisha, bunduki nzuri kuliko zote kijijini huwa rungu.

Kisha mwaka 1866 watu wawili, kila mmoja kwa upande wake, waliiingiza fataki ndani ya kitako cha ganda: Edward Boxer, afisa wa Uingereza wa maabara ya kifalme ya Woolwich, na Hiram Berdan wa Marekani. Tutawarudia, maana tofauti ya kazi zao ndiyo inayomtatiza au kumrahisishia mshindiliaji mpaka leo.

Biashara ya bunduki pwani ya Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizouzwa baada ya majeshi hayo kupata silaha mpya, na nyingine zilitengenezwa Liège na Birmingham kwa ajili ya soko la Afrika.

Ndipo tarehe 2 Julai 1890 mataifa yakatia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo unakumbukwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa, lakini ndani yake mna sehemu ndefu kuhusu silaha. Ulizuia kuingiza bunduki na risasi katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, pwani yetu ikiwemo. Halafu ukaacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zenye kasiba laini isiyochongwa mikunjo ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa masharti kutoka maghala ya serikali.

Ukiutazama mlango huo kwa utulivu utaona hesabu waliyoipiga. Waliokaa Brussels hawakupima urefu wa bunduki wala uzito wake. Walitazama kasiba na namna ya kuiwasha. Bunduki ya jiwe iliruhusiwa kwa kuwa ilikuwa ya polepole, ya karibu, na ilizimwa na mvua. Ile ya ganda na fataki ikabaki mikononi mwa serikali, makampuni yao na askari wao. Kuanzia hapo tofauti kati ya mtawala na mtawaliwa katika pwani hii iliandikwa kwenye mtambo wa bunduki, na iliandikwa kwa makusudi.

Gazi ndipo hesabu hiyo ilipojaribiwa. Wamazrui walipopoteza Mombasa mwaka 1837 mbele ya Sultan Seyyid Said, tawi moja lilihamia Takaungu na jingine likajikita Gazi, katika Kwale ya leo. Huko Mbaruk bin Rashid alitawala kwa miongo mingi, akigombana na masultani wa Zanzibar mara kwa mara, na kila alipobanwa pwani alipanda bara kwenye ngome yake ya Mwele, upande wa vilima vya Shimba. Mwaka 1882 jeshi la Sultan chini ya Lloyd Mathews lilimfuata hukohuko. Hakuisha. Mwaka 1895 mzozo wa urithi wa Takaungu ulipowasha vita, aliyenyimwa kiti alikimbilia kwake, na Mbaruk akaingia vitani dhidi ya Waingereza, ambao tarehe 1 Julai mwaka huohuo walikuwa wametangaza himaya yao ya Afrika Mashariki.

Tarehe 17 Agosti 1895 wanamaji wa Admirali Harry Rawson waliiteka Mwele. Vita havikuishia hapo. Viligeuka kuwa vya msituni na vya kuvizia, na serikali ikalazimika kuleta askari kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, kwa Gavana Hermann von Wissmann. Vitabu vingi hueleza kushindwa kwake kwa wingi wa askari wa upande wa pili. Sikatai. Lakini mimi naweka uzito zaidi kwenye bandari. Mtu anayepigana msituni anaweza kupata chakula kwa wakulima na maji kwenye vijito vya Shimba, na anaweza hata kuyeyusha vichwa vya risasi mwenyewe. Fataki na maganda huja kwa jahazi. Aliyezishika Mombasa, Gazi na Vanga alikuwa amelishika kopo la fataki la kila bunduki iliyo bara, na alichobaki nacho ni kungoja. Nyumba ya Mbaruk pale Gazi, ambako leo wageni hupita wakielekea kwenye njia ya mbao inayokatiza mikoko, inastahili kibao kinachoeleza jambo hilo.

Miaka kumi na minane baadaye mlinganyo uligeuka, na safari hii aliyefungiwa bandari alikuwa Mzungu. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani walivuka Vanga kuja kaskazini, na mwezi Oktoba 1914 walipigana na askari wa King's African Rifles pamoja na kikosi cha Waarabu na Waswahili cha Arthur Wavell huko Gazi, wakarudishwa nyuma. Waingereza nao wakasogea mpaka Jasin, kijiji kilicho kando tu ya mpaka, upande wa Tanga. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliizingira Jasin. Ngome ilishikiliwa na askari wa Kihindi, na kamanda wao Raghbir Singh aliuawa mapiganoni. Walijisalimisha pale risasi zilipowaishia. Waingereza wakaliacha bonde la Umba na kurudi nyuma.

Lettow alishinda, kisha akapiga hesabu iliyomnyima furaha. Siku mbili za Jasin zilimgharimu risasi 200,000. Akaandika baadaye kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana mapambano ya ukubwa ule mara tatu tu zaidi. Koloni lake lilikuwa na chuma, mbao, watu na chakula, lakini halikuwa na kiwanda cha risasi, na manowari za Uingereza zilikuwa zimeifunga bahari.

Ujerumani ikamtumia meli. Jina lake lilikuwa Rubens, lakini ilisafiri kwa jina la Kronborg kama meli ya Kidenmarki, nahodha wake Carl Christiansen. Ilibeba makaa ya manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, na ndani ilikuwa na bunduki na mamilioni ya risasi. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Uingereza, Hyacinth, iliikuta karibu na pwani ya Tanga na kuikimbiza mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, si mbali na mpaka wetu. Christiansen aliiingiza meli kwenye maji mafupi, ikawaka, Waingereza wakadhani imekwisha, wakaondoka. Kumbe mzigo ulikuwa chini ya maji, na ukaanza kutolewa kwa wapiga mbizi.

Hapa ndipo habari ya kushindilia risasi katika Afrika Mashariki inapofikia kilele chake, na nashangaa kuona haisimuliwi zaidi kwetu. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kwenye risasi. Baruti ilikuwa na unyevu, na fataki nyingi zilikataa kulia. Lettow aliamua kila risasi ifunguliwe: kichwa kitolewe, baruti imwagwe na kusafishwa, na zile fataki zilizokufa zibadilishwe. Kazi hiyo ilifanyika Moshi, kwenye kituo cha mwisho cha reli ya Usambara. Kwa miezi kadhaa askari na kila aliyeweza kupatikana walikaa tangu asubuhi hadi jioni, wakifungua na kufunga risasi kwa mikono, moja moja.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi walivyoyapima matokeo. Risasi ambazo hazikuwa zimelowa zilitengwa kwa ajili ya bombomu, kwa sababu bombomu ikikwama katikati ya mapigano huangusha kikosi kizima. Za kushindiliwa upya zilijaribiwa kwa mafungu. Fungu ambalo karibu asilimia 20 zilikataa kulia lilikubaliwa kwenda vitani. Yaliyozidi hapo yakaachwa kwa mazoezi. Fikiria askari aliye kwenye kichaka anavuta kifyatuo akijua kwamba katika kila risasi tano moja huenda ikanyamaza. Na hao walikuwa na mafundi wa jeshi, zana na usimamizi mkali. Baruti waliweza kuikausha, na ganda na kichwa havikuwa na neno. Palipowasumbua ni pale pale panapomsumbua kila mshindiliaji: kwenye fataki.

Kwa risasi hizo za Manza, vita viliendelea. Januari 1916 Wavell mwenyewe aliuawa karibu na Mwele, ilikokuwa ngome ya Mbaruk.

Sasa turudi kwa Boxer na Berdan, kwa kuwa bila wao kifaa cha kupachikia fataki hakieleweki. Ili mwali utoke, dawa lazima ibanwe kati ya vitu viwili vigumu: pini inayogonga kwa nje na kifuawe kinachopokea kwa ndani. Boxer aliweka kifuawe ndani ya fataki yenyewe, na ganda lake lina tundu moja katikati. Berdan alikifanya kifuawe kuwa sehemu ya ganda, na matundu ya mwali yakawa kwa kawaida mawili, pembeni. Kwa anayepiga risasi mpya hakuna tofauti. Kwa anayetaka kulijaza ganda tena tofauti ni kubwa. Ganda la Boxer husukumwa sindano moja kupitia tundu la kati, na fataki iliyokufa huanguka. La Berdan halina tundu la kati; fataki yake hutolewa kwa kuchokolewa kwa nje au kwa mgandamizo wa maji, na ukiteleza unakijeruhi kifuawe. Ajabu ni kwamba mfumo wa Mwingereza ndio ulioenea Marekani, na wa Mmarekani ukashika Ulaya na majeshi mengi ya dunia. Hiyo ni sababu mojawapo ya kazi ya nyumbani kustawi Marekani.

Ganda likishasafishwa, fataki mpya huingizwa kwa kusukumwa kwenye shimo lake. Kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni koleo au kifaa cha kushikwa mkononi, chenye kipini kinachobanwa kwa kiganja. Kampuni ya Ideal, iliyoanzishwa na John Barlow mwaka 1884, ilijulikana kwa koleo la namna hiyo lililofanya karibu kazi zote za kushindilia, na wawindaji waliokaa mbali na maduka walilibeba mkobani. Ya pili ni kifaa cha mezani, chenye wenzo mrefu uliofungwa kwa skrubu. Ya tatu ni mkono ulio kwenye mashine yenyewe ya kushindilia, ambapo fataki huingia wakati wa mwendo uleule unaofanya kazi nyingine, na katika mashine kubwa hujipanga zenyewe kutoka kwenye bomba.

Kinachotafutwa katika njia zote ni kina kilekile: fataki ikae chini ya usawa wa kitako kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita, na kifuawe chake kiguse sakafu ya shimo. Ikikaa juu, mambo mawili yanaweza kutokea, na yote ni mabaya. Pini inaweza kutumia nguvu yake kuisukuma fataki ndani badala ya kuiripua, na risasi ikakataa kulia. Au, katika bunduki inayojipakia yenyewe, kitasa kinapofunga kwa kishindo kinaweza kuigonga fataki iliyojitokeza, na risasi ikalia kabla mtu hajagusa kifyatuo. Ikisukumwa kupita kiasi, dawa hupondeka na kupoteza uhakika.

Kwa hiyo hukumu yangu iko upande wa kifaa cha mkononi, na sababu ni moja: kidole kinasikia. Wenzo mrefu huzidisha nguvu ya mkono hata usijue kwamba shimo lina masizi, au kwamba ganda la kijeshi lina ukingo uliobanwa unaoizuia fataki kuingia wima. Kiganja hukwambia mara moja, kama vidole vya fundi cherehani vinavyojua uzi umekatika kabla jicho halijaona. Kifaa cha mezani huchosha kidogo na hukaa imara, kwa hiyo kinamfaa mwenye kazi nyingi au mwenye maumivu ya viungo. Mashine inayojilisha ningeiweka mwisho kwa mtu wa nyumbani. Fataki zilizorundikwa kwenye bomba, moja ikilia, huweza kuziwasha zilizo nyuma yake, na bomba likawa kombora. Waliozoea kazi hii huvaa miwani ya kukinga macho kabla ya kugusa kopo, hawalazimishi fataki iliyokwama, na hawaziachi karibu na mafuta, kwa kuwa mafuta huua dawa kimyakimya.

Unyevu nao ni hoja inayotuhusu sisi wa pwani. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikishawaka huacha chumvi inayovuta maji hewani, na kasiba isiyooshwa siku ileile hupata kutu. Kwa hewa ya Diani, ambako hata bawaba ya mlango huliwa, bunduki ya namna hiyo haikai. Kampuni ya Kijerumani ya RWS ilileta mwishoni mwa miaka ya 1920 fataki zisizoleta kutu, na dawa yake ikawa na kemikali ya risasi. Kutu ikapungua, sumu ikabaki. Vumbi la fataki zilizopigwa lina madini ya risasi, na watu wa Mombasa walijifunza katika kijiji cha Owino Uhuru jinsi madini hayo yanavyoingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi wa kijiji hicho fidia ya shilingi bilioni 1.3. Meza inayotumika kwa maganda yaliyopigwa haipaswi kuwa meza ya chakula, katika nchi yoyote.

Kwetu Kenya, hata hivyo, meza hiyo haina nafasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki wala risasi bila cheti, na kutengeneza risasi si jambo la mtu binafsi kujiamulia nyumbani. Uwindaji wa burudani, ambao ndio ungeleta haja ya kazi hiyo, ulipigwa marufuku mwaka 1977. Wapo watakaoona sheria hiyo ni nzito mno. Mtu wa Kwale ana sababu ya kuielewa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari sita wakauawa na bunduki zaidi ya arobaini zikaporwa, na machafuko yaliyofuata yalizitoa familia nyingi makwao, za wenyeji na za waliotoka bara. Bunduki iliyoporwa hudumu miaka mingi. Risasi huisha, na serikali inayohesabu risasi na fataki inakamata mahali ambapo silaha haramu ina udhaifu wake. Naiunga mkono kwa moyo wote.

Liko jambo moja la vitendo. Katika nyumba za zamani za Gazi, Msambweni, Vanga na Wasini, mtu anayebomoa dari au kuchimba msingi anaweza kukuta bunduki ya babu, kopo la fataki au risasi za enzi za vita. Usidhani kwamba umri umeziua. Fataki iliyokaa pakavu inaweza kulia baada ya miaka mingi sana, na bunduki ya kushindiliwa mdomoni inaweza kuwa ina baruti na risasi ndani tangu siku ilipowekwa. Usiigonge, usiichokoe, usiipashe moto wala kuipa mtoto aichezee. Iache ilipo, watoe watoto, na utoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Ukiona ni kitu cha kale, waombe pia wawaite watu wa Makumbusho ya Taifa walioko Fort Jesus, Mombasa, wakiangalie kabla hakijaharibiwa.